Mustari Yenye Inasinyaa

—Tosha mukono mu courant yangu, Adolphe alisema.

—Courant yako? Iko na jina yako?

—Miye njo nilifunga iyi installation, petit. Waya kwa waya. Nimepima mbele yako: deux cent vingt, volts mia mbili na makumi mbili. Unatafuta nini ingine?

—Deux cent vingt wakati mashine imelala. Ikiamuka je?

—Na weye unapima na nini? Na télé. Télé, Elysée. Ile yenye batu baliangaliaka mupira kabla uzaliwe.

—Njo ile ile. Itakuonyesha kitu yenye ka appareil yako haiwezi kukuonyesha.

—Basi mbona haionyeshe?

Ile ya mwisho ilimufunga Elysée kinywa, ju ilikuwa kweli. Pale ku meza, katikati ya makopo ya dawa, télé yake ya noir-blanc, nyeusi na nyeupe, ilikuwa inawaka, lakini ku kioo kulikuwa paka mustari moja nyeupe, imesimama wima toka juu mpaka chini, kama nafasi ya mulango yenye haijafungwa muzuri. Mustari ya kusimama hivyo haisemi kitu.

Balikuwa mu chumba ya nyuma ya centre moja ndogo ya matunzo, pale Mudzipela, mu Bunia. Chini ya kitanda ya kwanza, mashine ya oxygène ilikuwa kimya. Iyo mashine inavutaka hewa ya kawaida, inaichuja, inatosha hewa ya nguvu kwa mugonjwa mwenye mapafu yamechoka. Tangu asubui ilikuwa paka na muchezo moja: unaiwasha, inanguruma, kisha inalia piii, inajizima yenyewe. Unaiwasha tena, inanguruma, inalia, inajizima. Na ku kitanda kulikuwa Abigaël, mutoto mwenye hajajua hata kusema muzuri, tuyau mu pua, kifua ikiingia chini ya mbavu mbio mbio kama ya kuku yenye imekimbizwa. Kwa sasa tuyau yake ilikuwa ku bombonne, ile chupa kubwa ya chuma. Bombonne ilikuwa moja tu. Mushale yake ilikuwa imeshaingia mu rangi nyekundu.

Marcellin, infirmier mwenye batu yote ya avenue banamuitaka docta, alikuwa amepigia hospitali kubwa. Balimujibu: mumulete, lakini mashine zote ziko na batu, atangojea. Kungojea njo kitu yenye Abigaël hakuweza.

Njo maana Marcellin aliita bale babili. Adolphe, ju yeye njo alifunga panneaux ku mabati ya centre, na batteries, na convertisseur, ile sanduku ku ukuta yenye inageuzaka courant ya jua kuwa courant ya nyumba. Na Elysée, ju Elysée anatengenezaka redio, simu, fer à repasser ya kupiga nguo pasi, kitu yoyote yenye batu bamechoka nayo. Elysée aliacha masomo mapema. Kiti ilimuchoma matako, ule ulikuwa ukweli wote. Hakukuwa na hadisi ingine. Mpaka leo hajui kukaa. Hata pale mu chumba alikuwa anazunguka meza, anagusa iki, anagusa kile, mpaka Marcellin alimwambia asimame.

Adolphe alifika, akapima, akasema: courant ni muzuri, mashine njo imekufa. Elysée alifika, akasikiliza mashine inavyolia, akasema: mashine haikufa, inakataa chakula yenye munaipatia. Kisha akarudi mbio ku atelier yake na kuleta ile télé ku moto ya kukodi, pikipiki, ameifunga na kitenge nyuma ya siti kama mutoto.

Ile télé aliigeuza mwenyewe. Mu shingo ya lampe ya télé, ile chupa kubwa ya kioo, kuko bobine, waya yenye imezungushwa-zungushwa. Njo inasukumaka nuru, kuume na kushoto, juu na chini. Elysée alitosha waya za juu-na-chini, akazitokeza inje kupitia tundu nyuma. Waya za kuume-na-kushoto aliziunga pahali télé ilisukumaka juu-na-chini, ju pale inasukumaka pole, na iyo kazi télé inaifanya yenyewe. Akafunga na bobine ingine ya télé mufu pembeni, pahali ya zile za kuume-na-kushoto, ju télé isipoona bobine pale inakasirika, picha inakufa. Sasa, ukipeleka courant yoyote ku zile waya za inje, nuru inachora sura ya iyo courant. Unaiona na macho. Kama inatetemeka, unaona. Kama inaanguka, unaona inavyoanguka.

Lakini leo ilikuwa mustari wima, basi.

—Kuume-na-kushoto imekufa, Elysée alisema. Ni barabara njo imeitikisa. Waya imetoka mu ile mashimo ya njia.

—Unaona? Appareil yake yenyewe iko mugonjwa, na inakuja kupima wengine.

—Grand Adolphe, unipe nafasi.

Alizima. Akageuza télé, akafungua vis, misumari ya nyuma. Scholastique, mama ya Abigaël, alikuwa amekaa ku kitanda na mukono ku muguu ya mutoto. Alikuwa mwanamuke wa upande ya Djugu. Vita njo ilimuleta Bunia. Hakusema mingi tangu asubui, lakini sasa alisema:

—Mutoto iko huku. Nyiye munaangalia huko.

Elysée aliendelea kufungua vis.

Ndani ya télé ya zamani kuko pahali moja yenye haichezwi: kofia ya kauchu ubavuni ya lampe. Hata ukizima, hata ukitosha fiche mu ukuta, pale courant inabaki imelala, maelfu na maelfu ya volts, inangojea mujinga. Elysée alifunga waya ku tournevis, ile bisibisi, ncha ingine ya waya ku masse, chuma ya mwili ya télé, akaweka mukono ya kushoto nyuma ya mugongo kama vile batu ya kazi banafanyaka, na akaingiza tournevis pole pole chini ya kofia, ile courant itoke ipite ku masse. Jasho ilimuingia mu jicho. Hakupangusa.

Tak.

Scholastique alishituka. Abigaël hakushituka, na iyo njo ilimuogopesha Elysée kupita tak yenyewe.

Waya yenye ilitoka aliiona mara moja, inaning'inia. Alimenya ncha na meno, akaipindisha pale pahali yake. Kulehemu hakukuwa na nafasi.

—Docta, sparadrap.

—Sparadrap ya vidonda?

—Leta tu.

Marcellin alimukatia kipande, Elysée akafunga waya nyuma ya télé kama kidole yenye imekatika, akageuza kioo, akawasha. Lampe ya zamani haiwakake haraka. Balingoja. Ile kungoja yote bombonne ilikuwa inapiga kelele yake ndogo, ssss, na kila mutu alikuwa anaisikia akijifanya hasikie.

Kisha nuru ikatoka katikati, ikafunguka kuume na kushoto, na pale ku kioo ikaja nyoka nyeupe, inapanda, inashuka, mviringo muzuri.

—Njo iyo, Elysée alisema. Sura ya courant yako, grand. Docta, washa mashine.

Marcellin akawasha. Mashine ikanguruma. Nyoka ikakaa. Ikakaa. Mara ikasinyaa, ikawa mufupi kama mutu mwenye amepigwa mu tumbo, na mashine ikalia piii, ikazima.

—Umeona?

—Naona télé inasinyaa, Adolphe alisema.

—Ni courant.

—Ni télé. Uliifunga na plasta ya vidonda, unataka niamini?

—Convertisseur yako haifai. Imechoka. Natosha waya zako, naleta ya kwangu ku atelier.

Elysée alikuwa ameshafika ku ukuta, mukono ku sanduku. Adolphe alimukamata ku kiganja, na haikuwa mukamato ya kucheza. Adolphe ni mutu munene, mwenye kubebaka batteries peke yake mpaka ku mabati.

—Ya kwako ni ya kuwasha lampe na kushaji simu. Ukiifunga ku mashine, itaungua, na mashine itaungua nayo. Hapo utakuwa umemuuwa weye mwenyewe, na mama yake ameketi pale anakuangalia. Unataka?

—Acha mukono.

—Unataka?

—Nyiye babili, Marcellin alisema. Mushale.

Baligeuka kuangalia mushale. Ilikuwa imebakiza kidogo sana kufika ku sifuri. Na vile Elysée alikuwa anarudisha macho, yalipita ku kioo ya télé, na akaona kitu. Mashine ilikuwa imezimwa. Hakuna mwenye aligusa kitu. Lakini nyoka ilisinyaa tena, peke yake.

—Angalia, Adolphe alisema, na sauti yake ilikuwa na raha mubaya. Mashine imelala. Sasa ni nani anavuta? Ni kifua ya télé yako tu.

Elysée alisogea mpaka pua ikawa karibu kugusa kioo. Nyoka ilikuwa imepunguka urefu, sawa. Lakini ilikuwa imepunguka upana pia. Kuume na kushoto ilikuwa haifike tena ku pembe. Na kuume-na-kushoto ni kazi ya télé yenyewe. Iyo haitoke inje.

Alikaa chini ku sima ya sakafu. Kwa mutu kama Elysée, kukaa chini ni kama mutu mwengine kupiga magoti.

—Grand, uko na haki nusu, alisema. Niliweka fiche ya télé mu ukuta ileile. Inakula ku sahani moja na mashine. Sahani ikipunguka, yeye pia anakonda, na siye hatuwezi kujua ni nani mwenye njaa. Siku hizi tumezoea prise ya ukuta, nikasahau. Iyi télé ilitengenezwa kutumika na batterie ya gari.

—Kwa iyo?

—Kwa iyo nipe batterie ya moto yako.

Adolphe alimuangalia. Ungeona alikuwa na neno moja mu kinywa, la kumumaliza, na alilimeza. Akatoka. Balimusikia inje akigonga vis za moto yake na haraka, akitukana kifungo moja yenye ilikataa, kisha akaingia na batterie mu mikono, mafuta mpaka ku viwiko, na akaifunga mwenyewe nyuma ya télé, plus ku plus, moins ku moins, bila kuulizwa.

Nuru ikakufa, ikarudi. Nyoka ikafunguka pembe kwa pembe.

—Docta, usiwashe bado, Elysée alisema. Tuangalie tu.

Baliangalia, bote bane, hata Scholastique aligeuza kichwa. Inje moto ilipita, muziki ya bar ilipita nayo. Nyoka ilikuwa inaogelea. Sura yake ilikuwa safi, mviringo, hakuna meno, hakuna mukato.

—Convertisseur yako iko muzima, Elysée alisema. Apo nilikosa.

—Nilikuambia.

—Uliniambia. Ngoja.

Nyoka ikaanguka. Upana ukabaki vile vile, pembe kwa pembe, lakini urefu ukaisha, ikabaki ka mawimbi ya kujikokota. Ikakaa hivyo kidogo, kisha ikainuka pole pole, ikasimama.

—Télé haikuguswa, Elysée alisema. Ile ni courant, grand. Unaona namna inaanguka kwa ghafula na kupanda pole? Ni motère. Kuko motère mahali inaanza, inavuta yote, inapumuzika, inaanza tena. Docta, frigo ya vaccin?

—Ni ya gaz.

—Pompe ya maji?

—Pompe gani? Siye tunachotaka na bidon.

—Basi ni nani?

Marcellin alipandisha mabega. Adolphe hakupandisha kitu. Alikuwa anaangalia dirisha, na nyuma ya dirisha lupango, uzio ya jirani, na nyuma ya lupango nyumba ya mabati mapya. Mbele ya ile nyumba kulikuwa kibao: GLACE, JUS BIEN FROID, NYAMA INAWEKWA. Avenue yote inakunywaka ile jus. Marcellin mwenyewe alikuwa amekunywa sachet moja saa sita mu midi, akasifu vile ilikuwa baridi, na hakujiuliza baridi inatoka wapi mu avenue yenye haina waya ya courant.

—Grand, Elysée alisema pole. Ni nani mwengine iko ku waya yako?

Adolphe alipangusa mikono ku suruali, mara mingi kupita vile mafuta iliomba.

—Bokilo.

Ni jina moja, lakini kila mutu mu chumba aliisikia yote. Mama Musoki, mama-mukwe yake, mama ya Joëlle mwenye Adolphe alioa. Bokilo haumupatie mukono. Haumuangalie mu uso. Akipita njiani unatoka, unamuachia njia. Na akikuomba kitu, unasema ndiyo mama, kisha unaenda kutafuta namna.

—Alinunua congélateur, ile frigo ya kugandisha, Adolphe alisema. Iyi juma imepita. Akaniambia, mukwe wangu, courant ya jua si inabakiaka? Nilipitisha waya chini ya lupango. Nilihesabu itatosha. Mashine ilikuwa haitumike.

—Kata.

—Ngoja nimupigie Joëlle.

—Kata, Adolphe.

Alikuwa ameshapiga. Baliisikia sauti ya Joëlle mu simu, kubwa, na batu mingi nyuma yake. Mama iko soko, alisema, nyumba imefungwa, na ufunguo iko naye. Azime congélateur? Si umwambie weye mwenyewe. Haa, miye siingie mu mambo yenu. Simu ikakatika.

Na ssss ya bombonne ikakatika pia.

Kimya yake ilikuwa kubwa kupita kelele yote ya pale mbele. Marcellin aligonga bombonne na kidole, akafungua, akafunga, akafungua. Scholastique alisimama. Abigaël alivuta hewa, na midomo yake ilikuwa inaanza kubadilika rangi, ile rangi yenye mama yoyote anaijua hata kama hajaiona bado.

—Imeisha, Marcellin alisema.

Elysée alikamata pince ya kukata waya. Sanduku ilikuwa nyuma ya mugongo ya Adolphe, na Adolphe alikuwa amesimama pale kama nguzo.

—Toka.

Adolphe hakutoka.

—Grand. Nitakupitia juu.

—Ya bleu, Adolphe alisema. Chini kabisa, upande wa kushoto. Usikose, zingine ni za mashine.

Akasogea. Na akageuza uso ku ukuta, vile anafanyaka siku yote bokilo akipita, macho ku sima, mikono mbele. Elysée aliingiza pince, akatafuta bleu, akaangalia mara mbili, akakata.

—Washa.

Mashine ikanguruma. Marcellin alihamisha tuyau toka ku bombonne, vidole vyake vikiteleza. Hakuna mwenye aliangalia mutoto. Bote baliangalia kioo. Nyoka ilishuka kidogo wakati mashine ilianza, kama mutu anainama kubeba muzigo, kisha ikasimama, ikabaki imesimama. Pale pahali ya piii palifika. Palipita. Mashine ilikuwa inapumua, puuf, puuf. Scholastique aliweka sikio ku kifua ya mutoto na hakuitosha pale mpaka Marcellin aliinua kidole ya Abigaël, yenye kulikuwa ka appareil ya kupima hewa mu damu, na akasema namba zinapanda.

Elysée alirudisha pince ku meza. Adolphe alikuwa bado ku ukuta.

—Grand, imekamata.

—Nasikia.

Jua ilikuwa imeshaanza kupinda wakati mulango ulifunguliwa bila kugongwa. Mama Musoki aliingia, kitenge cha soko bado mabegani, na mu mukono alikuwa amekamata ncha ya waya ya bleu. Aliivuta toka chini ya lupango. Udongo nyekundu ilikuwa inaanguka toka ku waya mpaka ku sima safi ya docta.

—Ni nani alikata iyi?

Elysée alifungua kinywa.

—Ni miye, mama, Adolphe alisema, uso ku ukuta tena.

—Weye.

—Miye.

—Bila kuniuliza.

—Bila kukuuliza, mama.

Mama Musoki aliangalia chumba. Aliangalia télé na plasta yake, batterie ya moto ku meza, mashine, tuyau. Alifuata tuyau na macho mpaka ku pua ya mutoto.

—Ni wa nani?

—Wangu, Scholastique alisema. Abigaël.

—Iko namna gani?

—Anapumua.

Mama Musoki alitikisa kichwa. Aliweka waya chini, pole pole, kama kitu yenye inaweza kuvunjika.

—Adolphe. Niangalie.

Iyo haiombwake. Adolphe aligeuka, nusu, kisha yote, na akainua macho mpaka ku uso ya bokilo yake, pengine kwa mara ya kwanza tangu aoe, na uso yake mwenyewe ilikuwa imelowa.

—Siku ulipitisha iyi waya, nilikuuliza: kuko mutu atapungukiwa? Ulinijibu nini?

—Nilisema hapana.

—Miye sikukuuliza kama mukwe. Nilikuuliza kama fundi.

—Ndiyo, mama.

—Na ungenijibu ndiyo, kuko mutu, ningekufanya nini? Ningekupiga?

Adolphe aliinama, akaanza kukunja ile waya.

—Mule mu congélateur kuko nyama yenye batu balileta, Mama Musoki alisema. Avenue yote iliniachia. Sasa nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia bakuje kuitosha, na bakiniuliza ju ya nini, nitawaambia ju ya nini.

—Mama, naweza kuja kubeba... Adolphe alisema.

Lakini Mama Musoki alikuwa ameshageuka. Alipita mulango, alipita dirisha, kitenge ikimuteleza bega moja, na aliendelea kutembea upande wa avenue bila kuirudisha.